Mwanagenzi wa Tovuti na Wakosoaji Wake

Mwezi wa Machi, 1989, Mwingereza mmoja aliyekuwa mtaalamu wa kompyuta katika CERN, ile maabara kuu ya fizikia iliyo karibu na mji wa Geneva, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alimpelekea mkubwa wake wa kazi waraka alioutunga juu ya namna ya kuziunganisha habari zilizotawanyika katika mashine mbalimbali za maabara hiyo, ili mwenye kuzihitaji aweze kutoka habari moja kwenda ya pili bila ya kuuliza ni nani aliyeihifadhi wala imo katika mashine ipi. Mtunzi alikuwa Tim Berners-Lee, na mkubwa wake alikuwa Mike Sendall. Sendall aliusoma waraka, akachukua kalamu, na juu ya jalada lake akaandika maneno matatu tu, ambayo muradi wake ni kwamba jambo hili halijabainika sawasawa, walakini linasisimua. Mwaka uliofuata alimpa idhini ya kununua kompyuta ya aina ya NeXT, na kabla ya mwaka 1990 kumalizika, mashine hiyo, iliyobandikwa karatasi yenye onyo la wino mwekundu kwamba asije mtu akaizima, ilikuwa inatoa kurasa za tovuti ya kwanza duniani.

Nimeianza tarikhi hii kwa maneno matatu ya Sendall kwa sababu, katika yote yaliyokuja kusemwa baadaye na wakosoaji wa tovuti, ni machache mno yaliyoufikia uadilifu wake. Aliitaja kasoro waziwazi, akaitaja na thamani waziwazi, hakuificha moja kwa kuionea haya ya pili, na juu ya yote akamwachia mtunzi wasaa wa kurudi mezani. Wasioijua kazi hii hudhani kwamba tovuti hutengenezwa na kompyuta. Kweli yake ni kwamba hutengenezwa na watu wenye kukosolewa, na tarikhi ya ukosoaji huo, jinsi ulivyoanza kwa ukarimu, ukapitia katika sifa za bure na dhihaka, hata ukafika pale ambapo mkosoaji alijifunza kunyamaza na kumtazama msomaji, ndiyo tarikhi ya kazi yenyewe.

Mwanagenzi wa useremala, tangu siku ya kwanza aliposhika randa, anaye fundi wake, na fundi huyo naye alikuwa na wake, na jicho linalomwambia kwamba mlango umepinda lina umri wa karne kadhaa. Watengenezaji wa tovuti hawakuwa na urithi huo. Berners-Lee alipoitangaza kazi yake kwa umma mwezi wa Agosti, 1991, akiwakaribisha wenye nia washirikiane naye, hapakuwa na mtu hata mmoja ulimwenguni aliyepata kuifanya kwa miaka miwili. Na waliomwitika walikuwa wanafizikia, wanafunzi wa vyuo na watunzaji wa maktaba, watu ambao aghalabu hawakupata kufunzwa kupanga herufi wala kuchagua rangi. Nicola Pellow, aliyeandika kivinjari kilichowawezesha wenye kompyuta za aina nyingi kuzisoma kurasa hizo, alikuwa bado mwanafunzi aliyekuja CERN kwa mazoezi ya kazi. Wote walikuwa wanagenzi, na kila mmoja alikuwa mkosoaji wa mwenziwe.

Jambo moja liliwasaidia kuliko vitabu, navyo vitabu havikuwapo. Ukurasa wa tovuti huandikwa kwa lugha ya HTML, ambayo ni maneno ya kawaida yaliyozungushiwa alama za kuiambia kompyuta kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo. Na vivinjari vilimruhusu msomaji, kwa amri moja, kuyaona maandishi hayo jinsi yalivyotoka mkononi mwa mwandishi wake. Basi mwanagenzi aliyependezwa na ukurasa wa mtu wa Helsinki au wa California aliufungua, akaunakili, akabadilisha neno hapa na alama pale, kisha akatazama kilichotokea. Sijui kazi nyingine ambayo mafundi wake, wakubwa kwa wadogo, walikuwa hawafichani kitu kiasi hicho. Lakini kunakili kuna mpaka wake: humfundisha mtu jinsi jambo lilivyofanywa, hakumwambii kama lilistahili kufanywa, na ndiyo maana makosa ya watangulizi yalienea kwa kasi ileile iliyoieneza hekima yao.

Mabishano ya hadharani baina ya wajuzi yalianza mapema. Tarehe 25 Februari, 1993, Marc Andreessen, kijana wa miaka 21 aliyekuwa katika kituo cha NCSA cha Chuo Kikuu cha Illinois, aliwaandikia wenzake akipendekeza alama mpya ya kuingiza picha ndani ya ukurasa, bega kwa bega na maandishi. Majibu yalikuja, tena ya watu wenye kufikiri: kuna aliyetaka alama pana zaidi, itakayofaa kwa picha na kwa kila kitu kingine kitakachobuniwa, kuna aliyetaka itumike alama ya kiungo iliyokwisha kuwapo, na Berners-Lee mwenyewe alikuwamo miongoni mwa waliotoa rai. Andreessen aliendelea na alama yake ileile, maana programu yake ilikuwa karibu tayari, na kivinjari alichokiandika pamoja na Eric Bina, yaani Mosaic, kilipotoka mwaka huo, picha zikaingia katika kurasa na hazikutoka tena. Waliompinga hawakuwa wamekosea, kwa kuwa haja ya sauti na sinema waliyoiona kwa mbali ilikuja kweli, ikalazimu alama nyingine zitungwe. Ila nasaha yao ilimfikia mtu ambaye kazi yake ilikwisha kusimama, na hali hiyo imewapata wakosoaji wengi tangu siku zile, ambao huonyeshwa tovuti siku inapofunguliwa, si siku inapochorwa.

Tarehe 30 Aprili mwaka huohuo CERN ilitangaza kwamba elimu ya mtandao wa tovuti ni mali ya umma, asidaiwe mtu malipo kwa kuitumia, na hapo umma ukaingia. Huko California, mwaka 1994, David Bohnett na John Rezner walianzisha kampuni iliyokuja kuitwa GeoCities, iliyompa kila aliyetaka nafasi ya bure ya kuweka kurasa zake. Mgeni alichagua mtaa kwa mujibu wa mapenzi yake, wapenda sinema wakikaa Hollywood na wapenda kompyuta SiliconValley, akapewa nambari ya nyumba, akaanza kujenga. Mwenye kuzikumbuka kurasa hizo hazisahau alama zake: nyota zikimetameta juu ya weusi, herufi za manjano, picha ya mfanyakazi mwenye sepeto ikitangaza kwamba ukurasa bado unajengwa, chini yake hesabu ya wageni waliokwisha kupita, na mwishoni kabisa kitabu cha wageni. Humo mpita njia aliandika jina lake, mji wake, na neno moja la kusifu, kisha akaacha anwani ya ukurasa wake mwenyewe ili naye atembelewe na kusifiwa.

Wako wanaozibeza sifa hizo kwamba hazikumfunza mtu kitu, na ni kweli kwamba mtu aliyeambiwa ukurasa wako mzuri hakujua ni kipi cha kuzidisha na ni kipi cha kuondoa. Hata hivyo mimi nazithamini, kwa kuwa mamilioni ya watu ambao hawakupata kuitwa watunzi wa kitu chochote walitunga pale kwa mara ya kwanza, na lau kama neno la kwanza kuwafikia lingekuwa la kuwaumbua, wengi wangalizima mashine zao wasirudi tena. Fauka ya hayo, kila mtaa wa GeoCities ulikuwa na watu wa kujitolea waliopewa dhamana ya kuwasaidia wakazi wapya, na mzee wa mtaa namna hiyo, mwenye kumwambia jirani kwamba kiungo chake kimekatika au kwamba maandishi yake hayasomeki juu ya ile picha, alikuwa ni mwalimu aliye karibu zaidi kuliko mwandishi yeyote wa vitabu. Yahoo iliinunua kampuni hiyo mwaka 1999, ikaifunga Oktoba, 2009. Wahifadhi wa kujitolea walikimbilia kunakili kiasi walichoweza kabla ya siku hiyo. Bila ya juhudi yao tungekuwa tumepoteza ithibati kubwa kupita zote ya jinsi watu wa kawaida walivyojifunza kazi hii.

Katika miaka ileile ya 1990 hukumu za namna nyingine zilikuwa zinatolewa kutoka juu. Tangu 1994 Glenn Davis alikuwa akichagua kila siku tovuti moja ya kupendeza na kuitangaza, na aliyechaguliwa aliona wageni wakimmiminikia. Mwaka 1996 Vincent Flanders akaishika njia ya upande wa pili: alikusanya kurasa mbovu, akaziweka hadharani, akazieleza ubovu wake mmojammoja, kwa hoja kwamba mtu hujifunza uzuri kwa kuonyeshwa ubaya. Wasomaji walicheka na wakajifunza, nami sikatai kwamba walijifunza. Lakini mtu aliyewekwa hadharani hakuwa ameomba fundisho hilo, na jambo linalonihuzunisha katika tarikhi ya miaka ile ni kwamba dhihaka ilienea kuliko maelezo: wengi waliomwiga Flanders walichukua kicheko chake wakaiacha subira yake ya kueleza kwa nini.

Mabishano makubwa ya zama hizo yalikuwa baina ya madhehebu mawili. La kwanza lilikuwa la wasanii wa chapa na magazeti, na msemaji wake mashuhuri alikuwa David Siegel, ambaye kitabu chake cha 1996 kiliwafundisha wanagenzi kuutawala ukurasa kama karatasi ya jarida: maandishi yapangwe ndani ya majedwali yasiyoonekana mistari yake, na nafasi zitengenezwe kwa kipicha cha GIF cha pikseli moja, kisichoonekana, kinachonyooshwa kwa kadiri mtunzi atakavyo. Kurasa zilipendeza ghafla kwa namna ambayo hazikupata kupendeza. La pili lilikuwa la watu wa uchunguzi, na imamu wao alikuwa Jakob Nielsen, Mdenmark aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Sun Microsystems, aliyeanza mwaka 1995 kuandika makala mfululizo juu ya jinsi watu wanavyozitumia tovuti. Mwezi wa Mei, 1996, alitoa orodha ya makosa kumi ya usanifu: matumizi ya fremu zenye kuugawa ukurasa vipande, maandishi yanayokimbia na michoro isiyotulia, kurasa zisizosema ni za tovuti gani, rangi za viungo zilizobadilishwa hata msomaji asijue ameshapita wapi, habari zilizochakaa, kurasa zinazochelewa kufunguka, na mengineyo. Siegel aliuliza ukurasa unapendeza vipi. Nielsen aliuliza msomaji amepata alichokijia au hakupata.

Mwaka 1997 Siegel alitoa tamko ambalo mfano wake ni nadra kwa mtu aliye kileleni mwa sifa zake: aliandika kwamba mtandao umeharibika na kwamba yeye ni mmoja wa walioharibu, kwa kuwa zile hila za majedwali na vipicha zilichanganya maana ya maandishi na sura yake. Dawa ilikuwa imekwisha kupendekezwa. Håkon Wium Lie, raia wa Norway, alikuwa ametoa wazo lake la CSS tarehe 10 Oktoba, 1994, kwamba maandishi yaandikwe peke yake na sura yake iandikwe mbali, na kanuni hizo zilithibitishwa rasmi Desemba, 1996. Ila vivinjari vilikawia miaka kuzitii. Alipotokea Dave Shea wa Vancouver mwaka 2003, akauweka ukurasa mmoja wa maandishi yasiyobadilika, akawaalika wasanifu wa dunia nzima wauvike kila mtu vazi lake kwa CSS tu, ndipo wengi walipoona kwa macho kwamba kazi ya mwandishi na kazi ya msanifu ni mbili, na kwamba aliyeombwa kukosoa hana budi kusema kwanza anakosoa ipi.

Kulikuwa na mkosoaji mwingine asiyekuwa mtu. Makosa ya alama katika ukurasa, kama vile kufungua alama na kusahau kuifunga, yanaweza kugunduliwa na programu, na programu za namna hiyo zilianza kupatikana katika 1994. Lakini majibu yake yaliandikwa kwa lugha ya wajuzi, kiasi kwamba mwanagenzi aliyepeleka ukurasa wake alirudishiwa orodha ya lawama asizoweza kuzifasiri. Gerald Oskoboiny, wa Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada, alitengeneza mwaka 1995 kikaguzi kipya, akakitangaza kwa jina lenye kusema kwamba chenyewe ni cha huruma na upole zaidi, kwa kuwa kilijitahidi kumweleza mtu kosa liko mstari gani na maana yake nini. Kikaguzi hicho kilihamia katika W3C, shirika lenye kuweka kanuni za tovuti, na kizazi chake kingaliko huko. Nalipenda jambo hili kwa dhati: kwamba katika miaka ya dhihaka, kijana mmoja aliona haja ya kuifundisha mashine adabu ya kukosoa.

Hata hivyo mashine ingeweza kuupitisha ukurasa usio na kosa hata moja la alama, na msomaji asiweze kuutumia. Dawa ya hayo ilikuwako zamani kuliko tovuti. Wachunguzi wa programu za kompyuta walikuwa, tangu mwanzo wa miaka ya 1980, wakimketisha mtu mbele ya mashine na kumwomba aseme kwa sauti kila anachokifikiri anapofanya kazi. Clayton Lewis wa IBM aliieleza njia hiyo katika 1982. Ilipoletwa kwenye tovuti ilichukua sura ambayo haijabadilika sana hata leo. Mgeni asiyeihusu kazi hiyo anaketishwa mbele ya skrini, anapewa jambo la kutenda, mathalan atafute bei ya tiketi au saa za kufunguliwa ofisi, na mtunzi wa ukurasa anaketi nyuma yake kidogo, mahali anapoweza kuuona mkono uliokishika kipanya. Kanuni ni moja, nayo ni ngumu: mtunzi asiseme neno. Mgeni anasoma kichwa cha habari, anashuka, anapanda tena, anabonyeza picha aliyoidhania kuwa ni kiungo na hakitokei kitu, anabonyeza tena kwa nguvu zaidi, anasema polepole kwamba labda yeye ndiye asiyejua kompyuta. Na mtunzi, aliyekesha usiku mzima kuipamba picha ile, anakiona kidole cha mgeni kikisita hewani juu ya kitufe ambacho kwake yeye kilikuwa dhahiri kama jua. Hakuna karatasi ya lawama inayomwingia mtu kama kusita huko. Wala hakuna awezaye kubishana nako, kwa kuwa mgeni hakutoa rai. Alijaribu tu, akashindwa.

Swali likawa wageni wangapi watoshe. Nielsen na Thomas Landauer walikuwa wamekadiria katika 1993 kwamba mjaribuji mmoja hudhihirisha, kwa wastani, takriban asilimia 31 ya matatizo yaliyomo; na kwa kuwa wa pili huyarudia mengi ya wa kwanza, na wa tatu mengi ya wote wawili, hesabu hiyo humfikisha mtu kwenye asilimia 85 kwa watu watano. Mwezi wa Machi, 2000, Nielsen alieneza fatwa yake kwamba watano wanatosha, na fedha zitakazobaki zitumike kurekebisha na kujaribu tena na watano wengine. Mwaka uliofuata Jared Spool na Will Schroeder walitoa matokeo ya majaribio yao juu ya tovuti kubwa za kuuza bidhaa, wakasema kwamba watano hawakaribii hata kidogo, kwa sababu katika tovuti za namna ile kila mnunuzi hushika njia yake. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na haki, kila mmoja kwa tovuti aliyoipima. Lakini kwa mwanagenzi mwenye kurasa sita za duka la shangazi yake, tofauti ya watano na hamsini ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti ya mmoja na sifuri, na aghalabu ya tovuti zilifunguliwa zikiwa katika sifuri.

Katika mwaka ule wa 2000 ulithibitishwa pia ukosoaji ulio mzito kupita wote ninaoujua, nao haukutoka kwa msanifu. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, aliyezisoma kurasa kwa kifaa cha kuzigeuza kuwa maandishi ya nukta yenye kupapaswa kwa vidole, alitaka kuitumia tovuti ya Michezo ya Olimpiki ya Sydney kama raia wengine. Hakuweza. Picha zake, zikiwamo zile zilizokuwa ni viungo, hazikuandikiwa maneno ya kueleza ni za nini. Hapakuwa na njia ya kufika kwenye faharasa ya michezo kutoka ukurasa wa ratiba. Na majedwali ya matokeo hayakusomeka kwa kifaa chake. Alipeleka malalamiko yake mwezi wa Juni, 1999, mbele ya Tume ya Haki za Binadamu na Fursa Sawa. Kamati ya maandalizi ilijitetea kwamba marekebisho yangechukua kazi ya mtu mmoja ya saa 8 kwa siku kwa mwaka mzima. Wataalamu walioitwa kutoa ushahidi wakasema fundi mmoja mzoefu na wasaidizi wake watano hata kumi wangeimaliza kwa wiki nne. Agosti, 2000, ilihukumiwa kwamba Maguire alibaguliwa, na kwa kuwa agizo la kurekebisha halikutimizwa ila kwa sehemu, kamati ikatozwa dola 20,000 za Australia. Miongozo ya W3C ya kuwafikia wasomaji wenye ulemavu ilikuwa imekwisha kutolewa tangu Mei, 1999, na sharti la kuandikia picha maneno yake ndilo la mwanzo kabisa ndani yake. Alichokidai Maguire, basi, kilikuwa ni mistari michache ya maandishi kando ya kila picha, ambayo mwanagenzi wa GeoCities angeweza kuiandika kwa mchana mmoja.

Msomaji mwingine aliyesahauliwa alikuwa msomaji wa mbali, na hapa wasemaji wa Kiswahili wanaingia katika tarikhi hii kwa haki yao wenyewe. Picha ya kilobaiti 50, kwa modemu ya kilobiti 28.8 kwa sekunde iliyotumiwa na watu wengi katikati ya miaka ya 1990, ilichukua kadiri ya sekunde 14 kufika, ilhali Nielsen alikuwa ameonyesha kwamba kwa sekunde 10 mawazo ya mtu huondoka kwenye kazi aliyonayo. Huko Marekani modemu hizo ziliondoka upesi. Afrika ya Mashariki, hata ilipofika katikati ya 2009, ilikuwa bado inategemea satelaiti zilizo kilomita 36,000 juu ya ardhi, na ombi la kila picha lilichukua karibu nusu sekunde kwa kwenda na kurudi tu, kabla picha yenyewe haijaanza kushuka. Basi ukurasa wenye vipicha vingi vya mapambo, uliosifiwa na wote waliouona California, ulimfikia mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyelipia kompyuta ya kukodi kwa dakika, kipande baada ya kipande, na aghalabu fedha ilikwisha kabla ya ukurasa kukamilika. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zilifika, TEAMS kutoka Fujairah hadi Mombasa na SEACOM yenye kuziunganisha pwani zetu na Ulaya na Bara Hindi, na hali ikawa nyingine. Lakini kwa takriban miaka 15, mtu wa pwani hii alikuwa anakijua kipimo cha uzito wa ukurasa kuliko wakosoaji wa San Francisco, na ni wachache mno waliopata kumwuliza.

Baadaye uliingia ukosoaji wa hesabu. Kampuni kubwa ziliona kwamba zinaweza kuwaonyesha nusu ya wageni ukurasa wa namna moja na nusu ya pili ukurasa wa namna nyingine, kisha zikahesabu ni wepi waliobonyeza zaidi. Mwezi wa Machi, 2009, Douglas Bowman, msanifu mkuu wa sura katika Google, aliiacha kazi hiyo akaeleza sababu yake hadharani, akitaja kwamba timu moja, iliposhindwa kuamua baina ya rangi mbili za buluu, ilikuwa inajaribu rangi 41 zilizo kati yake. Wengine walimwona mtu wa kujionea fahari asiyekubali ushahidi, mimi namwelewa. Hesabu ni shahidi mkweli, lakini inaeleza tu ni wangapi walioondoka, na mtu aliyeondoka kwa sababu hakulielewa neno moja na yule aliyeondoka kwa sababu mtoto wake alilia wameandikwa katika safu moja. Tena mwanagenzi hana wageni wa kugawanya mafungu mawili. Anao jirani, shemeji, na mwenzake wa darasani.

Kwa watu wa hali hiyo aliandika Steve Krug, mshauri wa Kimarekani ambaye kitabu chake cha kwanza juu ya kutomchosha msomaji akili kilitoka mwaka 2000, na cha pili, kilichotoka 2010, kikawa ni mwongozo mtupu wa kufanya majaribio bila ya mtaalamu. Aliagiza asubuhi moja katika kila mwezi, watu watatu, mmoja baada ya mmoja, kisha mazungumzo wakati wa chakula cha mchana ya kuchagua yale mabaya zaidi yatakayorekebishwa kabla ya mwezi ujao, mengine yaachwe kwanza. Hakujali sana kama hao watatu ni wa aina gani, na alishikilia kwamba jaribio la mtu mmoja mwanzoni mwa kazi lina faida kuliko la hamsini mwishoni. Agizo lake halitaki maabara wala fedha za kutaja: linataka chumba, kompyuta moja, mgeni ambaye hajaiona kazi hiyo, na mtunzi aliyekubali kuketi nyuma yake kwa muda wa saa nzima akiandika anachokiona.